Kuchagua bunduki na kaliba: shabaha za mbali na uwindaji wa porini

Swali ninaloulizwa mara nyingi katika kazi yangu ya ufundi wa bunduki na ufundishaji wa kulenga hapa Arusha ni hili: kaliba ipi, yaani aina na kipimo kipi cha risasi, inamfaa mtu anayetaka kupiga shabaha ya mbali, tuseme mita 800 au 1,000, na kwa bunduki hiyohiyo akawinde swala pala na kongoni? Jibu langu huanzia kule risasi inakotua. Kabla hujaishika bunduki yoyote dukani, amua kichwa cha risasi kitagonga nini, kwa umbali gani, na kikishagonga kinatakiwa kufanya kazi gani. Karatasi haidai chochote zaidi ya kutobolewa mahali palipokusudiwa. Mnyama anadai kichwa kilichofika kikiwa bado na kasi ya kutosha kufunguka, kikaingia kwenye moyo au mapafu na kumwua upesi bila mateso. Kazi hizi mbili huenda pamoja hadi umbali fulani tu, kisha huachana, na mnunuzi asiyejua zinapoachana hujikuta na bunduki asiyoridhika nayo uwanjani wala porini.

Nizilinganishe kaliba mbili ambazo ubishi mwingi wa siku hizi unazihusu, yaani .308 Winchester, iliyotoka mwaka 1952, na 6.5 Creedmoor, iliyotambulishwa mwaka 2007 kwa ajili ya mashindano ya shabaha. Kichwa cha .308 chenye uzito wa greni 175, yaani gramu 11.3, hutoka mtutuni kwa takriban mita 790 kwa sekunde. Kile cha 6.5 chenye greni 140, au gramu 9.1, hutoka kwa takriban mita 820. Ukipiga hesabu ya nishati kwenye mdomo wa mtutu, .308 ndiyo inayoongoza, karibu jouli 3,500 dhidi ya 3,100. Hata hivyo, kichwa cha 6.5 ni chembamba na kirefu kwa kadiri ya uzito wake, kwa hiyo hewa hukizuia kidogo na kasi yake hupungua polepole. Zote mbili zikiwa zimewekwa ziro kwa yadi 100, yaani darubini imepangwa ili kwa umbali huo risasi itue palepale inapolengwa, usawa wa bahari, zikifika yadi 1,000, ambazo ni mita 914, .308 huwa imeshuka takriban mita 10 na 6.5 takriban mita 8. Upepo wa kando wa mita 4.5 kwa sekunde, ambao ni upepo wa kawaida kabisa katika nyika zetu wakati wa mchana, huisukuma .308 karibu mita 2.4 na 6.5 karibu mita 1.8.

Watu wengi huzitazama tarakimu za mshuko, lakini mimi huwaomba watazame zile za upepo. Mshuko ni jambo linalohesabika: ukipima umbali kwa kipimo cha leza na kujua kasi ya risasi yako, unazungusha kirekebishi cha darubini kiasi kinachotakiwa na kazi imekwisha. Upepo haupimiki hivyo, kwa sababu mahali uliposimama unaweza kuvuma kutoka kushoto, bondeni katikati ya njia ukatulia, na kwenye shabaha ukatoka kulia. Mlengaji husoma nyasi, vumbi, na mazigazi yanayoonekana ndani ya darubini ardhi ikishapata joto. Mazigazi yanayopanda wima humwambia kwamba upepo umetulia au unavuma kwenye mstari wake wa kulenga, na yanayolala upande humwonyesha unakoelekea. Kila atakapokosea usomaji huo, kaliba inayosukumwa kidogo itampunguzia adhabu, na faida hiyo ndiyo inayonifanya niipendekeze 6.5 kwa shabaha za mbali.

Faida hiyo ina gharama zake. Mtutu wa 6.5 Creedmoor huanza kupoteza usahihi wa mashindano baada ya risasi 2,000 hadi 3,000 hivi, wakati wa .308 mara nyingi huvuka 5,000. Zaidi ya hapo, ipo hoja ya upatikanaji: kaliba nzuri ambayo risasi zake huwezi kuzipata kihalali karibu na unapoishi haikusaidii, na .308 imesambaa duniani kote kwa sababu ni ndugu wa risasi ya kijeshi ya 7.62 x 51 ya NATO. Kwa msomaji wa Kenya, ambako uwindaji umepigwa marufuku tangu mwaka 1977 na bunduki ya masafa ni ya uwanjani tu, ushauri wangu ni aanze na .308. Itamfundisha upepo kwa ukali, mtutu wake utadumu, na ataweza kuingia katika daraja la F/TR la mashindano ya kimataifa ya shabaha za mbali, ambako mlengaji hulala chini na bunduki husimama juu ya miguu yake, na ambalo huruhusu .308 na .223 peke yake.

Sasa twende porini, maana huku ndiko makosa huumiza kiumbe. Kichwa cha risasi cha mashindano kimetengenezwa ili kiruke kwa usahihi, wala hakijasanifiwa kufunguka ndani ya nyama. Kikigonga mnyama kinaweza kupita kama sindano au kuvunjika vipande kabla ya kufika ndani, na huwezi kujua mapema kitafanya lipi. Kwa uwindaji tumia kichwa cha kuwindia, na ujue kasi yake ya chini ya kufungukia. Vile vya madini ya risasi vilivyovikwa shaba kwa kawaida vinahitaji kugonga kwa mita 550 kwa sekunde au zaidi, na vya shaba tupu vinahitaji karibu mita 600. Kichwa cha kuwindia cha .308 cha kawaida hushuka chini ya mita 550 kwa sekunde kikifika mita 400 na ushei; cha 6.5 chenye umbo zuri hufika zaidi ya mita 500 kabla ya kushuka hapo. Huo ndio ukomo wa risasi yenyewe, na ukomo wa mwindaji uko karibu zaidi.

Chukua swala pala aliyesimama ubavu. Eneo la moyo na mapafu ambalo risasi ikilipiga atakufa haraka lina upana wa takriban sentimita 20, hivyo ukilenga katikati yake una nafasi ya kukosea sentimita 10 kila upande. Kwa 6.5, upepo ule wa mita 4.5 kwa sekunde huhamisha risasi takriban sentimita 10 kwenye mita 250, na zaidi ya sentimita 60 kwenye mita 600. Tuseme umeusoma upepo kuwa nusu ya ulivyo, kosa ambalo hata mlengaji mzoefu hulifanya. Kwenye mita 250 umekosea sentimita 5 na mnyama ataanguka. Kwenye mita 600 umekosea zaidi ya sentimita 30, na risasi imeingia tumboni au begani. Ongeza kwamba kufika mita 500 risasi huchukua takriban sekunde 0.7, muda unaomtosha swala kupiga hatua moja. Sahani ya chuma haipigi hatua. Kwa sababu hizo mimi huwawekea wanafunzi wangu mpaka wa mita 300 kwa mnyama yeyote, hata wale wanaogonga shabaha ya mita 900 risasi baada ya risasi, na katika vichaka vya miombo, ambako wanyama wengi huonekana chini ya mita 150, mpaka huo haumnyimi mtu chochote.

Kuhusu ukubwa wa mnyama nitasema machache. Swala, kongoni na nyumbu wanapigwa vizuri kwa .308, 6.5 na .30-06. Pofu dume, ambaye anaweza kuvuka kilo 700, anahitaji kichwa kizito zaidi, na hapo .300 Winchester Magnum, ya mwaka 1963, ina hoja, ingawa teke lake ni kali kiasi cha kuwafundisha wengi kufumba macho wanapovuta kifyatuo. Kwa nyati na tembo mjadala umefungwa na sheria: kanuni za uwindaji Tanzania zinataka kaliba isiyopungua .375, na .375 H&H Magnum ya mwaka 1912 ingali mfano bora wa kaliba hizo. Wako wanaonikumbusha habari za W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20 kwa .275 Rigby. Ni kweli alifanya hivyo, lakini alikuwa amejifunza kwa makini maumbile ya fuvu la tembo, alitumia vichwa visivyofunguka, na alisogea karibu sana kabla ya kupiga. Mfano wake unathibitisha thamani ya kugonga mahali sahihi, na hautoi ruhusa ya kupiga mbali kwa kaliba ndogo.

Kuna jambo la kwetu ambalo majedwali yaliyochapishwa kwa usawa wa bahari hayakuonyeshi. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo risasi huzuiwa kidogo. Bunduki iliyopangiwa jedwali Dar es Salaam, ikipigwa hapa kwenye yadi 1,000, itatua zaidi ya nusu mita juu ya ilipolengwa, ijapokuwa kwenye mita 200 hutaona tofauti ya maana. Joto nalo lina kazi yake. Baruti iliyopata moto huungua kwa shinikizo kubwa zaidi na kuongeza kasi, na nimeona boksi la risasi likiachwa juu ya boneti ya gari saa saba mchana hadi maganda yakawa hayashikiki. Risasi zilizopata joto namna hiyo hazitatua pale zilipotua asubuhi, na baadhi huacha alama za shinikizo kwenye fataki, yaani kile kifuniko kidogo kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti. Ziweke kivulini, ndani ya mfuko wa ngozi au kitambaa, na usiache risasi ndani ya chumba cha mtutu uliochemka.

Tukija kwenye bunduki yenyewe, mvutano mkubwa ni uzito. Bunduki ya mashindano ya F/TR inaruhusiwa kufika kilo 8.25 pamoja na darubini na miguu yake, na uzito huo ni msaada kwa mtu aliyelala chini. Ya kuwindia, ambayo utaibeba begani tangu alfajiri ukifuata nyayo, isizidi sana kilo 4. Anayetaka moja kwa kazi zote mbili atafute yenye mtutu wa unene wa wastani, urefu wa sentimita 61 hadi 66, na uzito wa jumla wa kilo 5 hivi. Mtutu mwembamba hupata moto baada ya risasi tatu au nne na kuanza kuhamisha mahali inapotua, jambo lisilomdhuru mwindaji wa risasi moja ila linamwangusha mlengaji wa risasi ishirini. Mifereji ya ndani, inayokifanya kichwa kizunguke kama pia ili kiruke kwa utulivu, iendane na urefu wa vichwa utakavyotumia: kwa 6.5 mzunguko mmoja kwa kila inchi 8, na kwa .308 yenye vichwa vizito mzunguko mmoja kwa inchi 10. Kitako cha mbao kinapendeza, lakini wakati wa masika mbao hunyonya unyevu na kuvimba hadi ikagusa mtutu. Pitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na kitako kuanzia mbele kurudi nyuma. Kikikwama kabla ya kufika mwanzo wa chumba cha risasi, bunduki hiyo itabadilika kila majira yakibadilika. Kitako cha sintetiki kilichoshikizwa vizuri ndicho ninachokishauri.

Fedha utakazookoa kwa kuchagua bunduki ya kawaida ya bolti, inayokokiwa kwa mkono kila risasi, badala ya ya kifahari zipeleke kwenye darubini. Chagua inayoanzia ukuzaji wa mara 3 au 4, ili mnyama akitokea karibu umwone, na inayofika 15 au zaidi kwa ajili ya uwanja. Virekebishi viwe vya hatua za mili 0.1 (mili ni kipimo cha pembe), ambazo ni sentimita 1 kwa mita 100, na kwa kuwa .308 inahitaji takriban mili 11 kufika yadi 1,000, muulize muuzaji darubini hiyo ina nafasi kiasi gani ya kupanda baada ya kuwekwa ziro. Kisha ijaribu kwenye uwanja ulioidhinishwa. Tundika karatasi yenye urefu wa zaidi ya mita moja, chora juu yake mstari uliopimwa kwa timazi, pima mita 100 kamili kwa futi kamba, piga risasi tatu ukilenga alama ya chini, pandisha mili 10, kisha piga tatu nyingine ukilenga alama ileile. Kundi la pili linatakiwa liwe sentimita 100 juu ya la kwanza na likae juu ya mstari. Likiwa kwenye sentimita 97, ziandike katika daftari lako na uzitumie katika kila hesabu ya mshuko. Likiwa limeegemea kando ya mstari, legeza vishikizo, sawazisha darubini kwa timazi na urudie jaribio. Likiendelea kuegemea, au vipimo vikibadilika kila unaporudia, irudishe dukani.