Je, wajua kwa nini filamu za zamani hunuka siki?

Ukifungua kopo la filamu ya milimita 16 lililokaa stoo miongo kadhaa, mara nyingi pua hupata habari kabla ya macho. Harufu ni ya siki kabisa, na kwa kweli ni siki: asidi asetiki, ileile iliyo kwenye chupa ya jikoni. Hakuna aliyeimwaga humo. Imetoka ndani ya mkanda wenyewe.

Mkanda wa filamu una tabaka mbili kuu. Juu kuna jelatini iliyobeba picha, chini kuna plastiki inayoishikilia. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 plastiki hiyo ilikuwa selulosi asetati, yaani selulosi ya pamba au mbao iliyounganishwa kiwandani na asidi asetiki. Mvuke wa maji ulio hewani, ukisaidiwa na joto, hukata viungo hivyo kidogo kidogo na kuiachia asidi. Ubaya ni kwamba asidi iliyotoka huchochea kukatika kwa viungo vilivyobaki. Ndiyo maana rili, yaani mkanda uliozungushwa kwenye gurudumu lake, inaweza kukaa miaka 30 bila dalili yoyote, kisha ikaharibika upesi mno.

Asetati yenyewe ililetwa ili watu wasiungue. Filamu za mwanzo za milimita 35 zilikuwa za selulosi nitrati, ambayo hushika moto haraka na huendelea kuwaka hata ikizamishwa majini, kwa kuwa hujitengenezea oksijeni. Kodak ilipotoa milimita 16 mwaka 1923 kwa matumizi ya nyumbani na shuleni, iliitengeneza kwa asetati tu; kwenye milimita 35 nitrati iliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Bantu Educational Kinema Experiment, mradi wa filamu za kuelimisha uliotengeneza filamu fupi 35 kutoka Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937, ulitumia milimita 16. Kwa mikanda ya aina hiyo mlinzi wa stoo hana haja ya kuogopa moto kama wa nitrati. Aogope joto na unyevu.

Na hapo pwani yetu haina huruma. Asetati mpya ikiwekwa kwenye nyuzi 21 za selsiasi na unyevu wa asilimia 40 hadi 50, hukaa takriban miaka 40 hadi 50 kabla ya siki kuanza. Dar es Salaam au Mombasa, chumba kisicho na kiyoyozi hukaa juu ya nyuzi 25 na unyevu hupita asilimia 70, kwa hiyo muda huo hupungua sana. Kwa upande mwingine, kila ukishusha joto kwa nyuzi tano au sita, maisha ya mkanda huongezeka karibu maradufu. Kiyoyozi kinachozimwa kila jioni hakisaidii kama wengi wanavyodhani, maana unyevu hurudi usiku kucha.

Kabla ya kuhangaika, hakikisha unashughulika na asetati kweli. Inua rili mbele ya taa ukiitazama kwa ubavu: poliesta, plastiki nyingine ya filamu, hupitisha mwanga; asetati huonekana nyeusi. Poliesta haipati ugonjwa huu. Neno SAFETY pembeni mwa mkanda ni ushahidi mzuri, lakini si kamili, kwa sababu maandishi ya negativu, yaani mkanda wa asili unaochapiwa kopi, huweza kunakiliwa kwenye kopi pamoja na picha.

Pua nayo si kipimo. Huzoea harufu haraka, na kuvuta mvuke huo hudhuru koo na macho. Kipimo ni vikaratasi vya A-D, vinavyobadilika rangi vikikutana na asidi, vilivyobuniwa na Image Permanence Institute ya Rochester, Marekani. Weka kikaratasi kimoja ndani ya kopo, funga, kiache saa 24 kwenye joto la kawaida la chumba, kisha linganisha rangi na kipimo kinachokuja nacho. Bluu ni 0, mkanda mzima. Kijani maana yake asidi imeanza. Kwenye 1.5 uharibifu huanza kujiendesha wenyewe, na njano, yaani 3, ni hali ya hatari: mkanda unajikunja na kusinyaa.

Kusinyaa hupimika kwa rula ndefu tu. Kwenye kopi ya kuonyeshea ya milimita 16, tundu hadi tundu ni milimita 7.62, hivyo nafasi 100 ni milimita 762. Ukipata 754, mkanda umesinyaa kwa asilimia moja, na usiuweke kwenye projekta: meno yake hayataingia sawasawa kwenye matundu na yatayapasua moja baada ya jingine. Mashine za skana zisizo na meno bado zinaweza kuusoma.

Rili zenye siki zitenge na nzima, kwa sababu mvuke wake huchochea majirani. Zile ambazo sauti yake imerekodiwa kwenye mstari wa sumaku pembeni mwa mkanda zikaguliwe kwanza, kwani chembe za chuma kwenye mstari wa sauti huharakisha uozo. Toa mifuko ya plastiki, karatasi na makopo yenye kutu; tumia makopo ya polipropilini yenye matundu ya hewa, yalazwe, yasisimamishwe. Kopo lisilopitisha hewa kwenye joto la chumba huipikia filamu ndani ya asidi yake.

Iliyofikia 2 au 3 ipelekwe kwenye friza huku ikisubiri skana. Hapo tu ndipo kufunga kunaruhusiwa: mifuko miwili isiyopitisha unyevu, mmoja ndani ya mwingine, pamoja na kadi ya kuonyesha unyevu. Siku ya kuitoa, iache ndani ya mifuko hadi ifikie joto la chumba, hata kama ni siku nzima. Ukifungua mapema, umande hutua kwenye jelatini na miviringo hugandana. Ikishaskaniwa, irudishwe kwenye baridi. Waliohamishia filamu kwenye kanda za VHS miaka ya 1990 na kutupa rili walibakiwa na nakala hafifu, na hawana tena pa kuichukulia nyingine.