Hugo haina majaji, na Hakuna Tuzo si kisanduku cha hasira

Kila orodha ya fainali ya Hugo inapotoka, lazima atokee mtu: "Majaji wamependelea." Majaji gani? Tuzo hizi za bunilizi za kisayansi na fantasia, zilizoanza Philadelphia mwaka 1953, hupigiwa kura na wanachama wa Worldcon, kongamano la kila mwaka la mashabiki wa bunilizi hizo. Umelipa ada (miaka ya karibuni inacheza karibu na dola 50), unapiga kura. Hujalipa, kelele zako hazihesabiwi. Hilo limekwisha.

Wanaonichosha zaidi ni wanachama wenyewe, wanaodhani aliyeongoza kwa namba 1 ameibiwa asiposhinda. Kazi hupangwa 1, 2, 3 na kuendelea. Chukua kura 100: riwaya A ina 40, B 35, C 25. Hakuna iliyovuka nusu, kwa hiyo C inatoka na karatasi zake zinaangaliwa namba 2. Zikienda 20 kwa B na 5 kwa A, B inashinda 55 kwa 45. Wizi uko wapi?

Sasa tuje kwenye Hakuna Tuzo. Chaguo hili, la kusema hakuna kazi inayostahili kushinda, limo katika kila kipengele, nalo hupewa namba kama riwaya yoyote. Si kususa, ukitaka kususa, acha kipengele kizima kitupu. Kosa lisiloisha ni hili: mtu anaweka A 1, Hakuna Tuzo 2, halafu D, E na F anazipa 3, 4 na 5 "ili ijulikane sizitaki." Ndugu yangu, hakuna mzani wa chuki pale. A ikitoka, na Hakuna Tuzo ikatoka (mara nyingi hutoka mapema), karatasi yako inahamia kwa D. Ni kura nzima, si robo. Kama kweli D ina nafuu kuliko E, sawa, namba hizo zina kazi. Kama zote ni takataka kwako, usiziandikie kitu.

Ila Hakuna Tuzo yenyewe usiiache tupu. Mshindi akishapatikana kuna mchujo wa mwisho: karatasi zilizoweka Hakuna Tuzo juu yake, au zilizoitaja bila kumtaja yeye, zinapimwa dhidi ya zilizomweka yeye juu. Za kwanza zikizidi, hapandi mtu jukwaani. Karatasi isiyotaja chochote kati ya hivyo viwili haihesabiwi upande wowote. Mwaka 2015, kambi zilizoteua kwa orodha za pamoja zilipojaza fainali, vipengele 5 viliishia bila mshindi.

Ndipo uteuzi, yaani hatua ya kupata kazi za fainali, ukabadilishwa. Tangu 2017 unataja hadi kazi 5, fainali wanaingia 6, na karatasi yako ina pointi 1 kwa kila kipengele, inayogawanywa kwa kazi zako ambazo hazijatolewa. Kila raundi kazi 2 zenye pointi chache zaidi zinalinganishwa. Iliyotajwa kwenye karatasi chache ndiyo inayotoka, na fungu lake linarudi kwa kazi nyingine zilizo kwenye karatasi zilezile. Mimi bado nina wasiwasi: mashabiki wanaopenda vitu vilevile kwa dhati hupunguzwa nguvu sawasawa na waliokula njama, kwa sababu hesabu haioni nia. Halafu A, B na C pale juu tumezihesabu kwa vidole. Hii, kwa mamia ya karatasi, inataka programu.