Ágnes Keleti: Bingwa wa Jimnastiki Aliyeibiwa Ujana na Vita

Binti wa jimnastiki akifikisha miaka 25, makocha wengi huanza kumwona ameshapitwa na wakati. Ndiyo maana kila ninapofundisha historia ya michezo sichoki kumtaja Ágnes Keleti wa Hungaria. Dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki aliipata Helsinki mwaka 1952, akiwa na miaka 31.

Hakuchelewa kwa kupenda. Alizaliwa Budapest Januari 9, 1921, katika familia ya Kiyahudi, akiitwa Ágnes Klein. Olimpiki za 1940 na 1944 zilifutwa kwa sababu ya vita. Wanazi walipoikalia Hungaria mwaka 1944, alinunua hati za binti Mkristo, akaenda kijijini kufanya kazi za ndani kwa jina lisilo lake. Baba yake aliuawa Auschwitz, kambi ambako Wanazi waliwaua Wayahudi. Mama na dada yake waliokolewa na Raoul Wallenberg, mwanadiplomasia wa Uswidi. Ilipofika zamu ya London, 1948, aliumia mguu akakosa kushindana. Hebu fikiria: miaka 8 ya ubora wa mwanamichezo, yote imekwenda.

Melbourne, 1956, alikuwa na miaka 35. Boriti wanayochezea wanawake ina upana wa sentimita 10 tu. Bana vidole vyako vinne, ongeza kidogo, hapo ndipo mtu anaruka, anageuka na kutua bila kuyumba. Keleti aliwashinda wote juu yake. Akashinda pia kwenye fito mbili, akapata dhahabu nyingine ya timu, na kwenye mazoezi ya sakafuni akalingana kileleni na Larisa Latynina wa Muungano wa Kisovieti, ambaye Keleti alimzidi umri kwa karibu miaka 14! Jumla ya medali zake za Olimpiki ni 10, tano zikiwa za dhahabu.

Nyumbani, vifaru vya Kisovieti vilikuwa vimeyazima maandamano ya wananchi. Hakurudi. Aliomba hifadhi Australia, na mwaka 1957 akahamia Israeli, ambako jimnastiki ilikuwa bado changa. Huko alifundisha walimu wa michezo katika Taasisi ya Wingate na kuinoa timu ya taifa kwa miaka mingi. Kwangu mimi, kazi hiyo ina uzito sawa na medali zake.

Uzeeni alirejea Budapest. Alifariki huko Januari 2, 2025, zikiwa zimebaki siku 7 atimize miaka 104.