RAM ya 3200 kuonyesha 1596 si wizi

Hii habari ya "nimeuziwa RAM feki, stika yasema 3200 lakini CPU-Z yaonyesha 1596" (CPU-Z ni ile programu ya kutazama vipimo vya kompyuta) nimeisikia hapa Malindi mpaka nimechoka, na juzi tena kuna jamaa kaenda kumfokea fundi wa watu pale Lamu Road ati arudishiwe pesa. Jamani. Stika ni kweli na CPU-Z ni kweli.

Spidi ya RAM ni mara ngapi kwa sekunde data inavuka kati ya RAM na prosesa, basi. Kinachowachanganya watu ni mapigo ya saa, ile saa ya ndani inayoiendesha RAM. Enzi za SDRAM ya PC133, zile RAM za zamani, pigo moja lilibeba data mara moja, kwa hivo 133 ilikuwa 133, hakuna maneno. Zilipokuja DDR, RAM za kizazi kilichofuata, zikawa zinapeleka data pigo likipanda na tena likishuka, kama boti ya Amu na Mokowe inayopakia abiria kwenda na kupakia wengine kurudi. Kwa hivo DDR4-3200 saa yake inapiga megahezi 1600 lakini data inavuka mara milioni 3200 kwa sekunde. CPU-Z inakuonyesha mapigo, stika inakuonyesha kuvuka. (Hio 1596 badala ya 1600 kamili ni saa ya mazabodi iko chini kidogo ya megahezi 100 yake, usianze kesi nyengine.)

Wenye makosa ni wale wanaobandika MHz mbele ya 3200, manake kipimo chake ni MT/s, yaani data inavuka mara milioni ngapi kwa sekunde, na Windows yenyewe ilikuwa yaandika MHz kwenye Task Manager miaka yote hio mpaka Windows 11 ndio ikaja kurekebisha. Alafu stika hio hio ina PC4-25600, mtu anadhani ni RAM kali zaidi, kumbe ni ile 3200 mara baiti 8, yaani megabaiti 25600 kwa sekunde.

Na Windows haipimi kitu, hilo pia mujue. Kila kipande cha RAM kina kichipu kidogo, SPD, kiwanda kimeandika humo spidi zake, ukiwasha mashine BIOS, ile programu ya kuiamsha, inakisoma, inatazama prosesa inaweza nini na RAM ya pili ikoje, inachagua spidi, alafu inaandika kwenye jedwali la SMBIOS, na Windows inasoma lile jedwali tu. Kwenye Linux piga sudo dmidecode -t memory uone mistari miwili: Speed ni uwezo wa RAM, Configured Memory Speed ndio inayotembea saa hii. Wengi wanasoma ule wa kwanza wanaridhika.

Laptopu ya i5-8250U kwa mfano, mwisho wake kwa DDR4 ni 2400, ukiipachika 3200 itatembea 2400 na CPU-Z itasema karibu 1200. Ukichanganya ya 2666 na 3200 zote zinafuata ile ya polepole. Na zile 3600 za kuchezea gemu, usipowasha XMP (mpangilio wa spidi kubwa ulioandikwa na kiwanda) kwenye BIOS zinaamka na spidi ya chini ya kawaida.

Kwa hivo ndugu yangu, namba ya CPU-Z zidisha mara mbili kwanza. Ikija karibu 3200, muache fundi ale pesa yake. Ikija 2400, tazama prosesa yako na ile RAM ya zamani uliyoiacha ndani, kabla hujarudi dukani.