Barua ya kwenda Paris huanzia Tume ya Taifa

Naandaa maandiko ya miradi ya utamaduni, na kila mara asasi huniuliza kuhusu UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni lenye makao Paris: "Tuiandikie moja kwa moja?" Kama mnaomba fedha za Programu ya Ushiriki, yaani ruzuku ndogo za UNESCO kwa miradi ya nchi wanachama, hapana. Pigeni hodi kwanza Tume ya Taifa ya UNESCO.

Wanachama wa UNESCO ni nchi. Lakini waliotunga Katiba yake kule London, Novemba 1945, walijua kuwa elimu, sayansi na utamaduni haviishi wizarani tu. Ibara ya 7 ikaitaka kila nchi iziunganishe taasisi zake za fani hizo na kazi za shirika, ikiwezekana kwa kuunda tume yenye wajumbe wa serikali na wa taasisi zenyewe. Hapa Tanzania tume inasimama kwa sheria ya 2008; Kenya walitunga yao 2013. Ya Ujerumani ni chama kilichosajiliwa, hakimo ndani ya wizara. Mimi nashikilia kwamba popote tume ilipo, asasi za kiraia zipewe kiti mezani, zisiitwe siku ya warsha tu.

Wengi huichukulia tume kama posta. Sivyo. Maombi hupelekwa kila baada ya miaka miwili, ni machache kwa kila nchi, na tume ndiyo huyapanga kwa kipaumbele. Andiko lisiloeleweka linaishia hapo.

Niliwahi kukisaidia kikundi cha wazee wa pwani wanaotaka kurekodi nyimbo za uvuvi. Barua yao ilikuwa ukurasa mmoja wa daftari, saini nne na alama saba za dole gumba kwa wino wa buluu. Ilisema: "Nyimbo zinakufa nasi." Fomu inauliza matokeo yanayotarajiwa, bajeti, na mradi unaingia eneo gani la kazi za UNESCO. Afisa wa tume alikaa nasi tangu asubuhi hadi adhuhuri, akiuliza: nyimbo ngapi? Nani anazijua zote? Vijana gani watafundishwa, na wapi?

Alipomaliza akawasomea wazee kila mstari. Mmoja akamsimamisha: "Andika pia kwamba nakala zibaki kwetu kijijini." Afisa akafuta sentensi ya mwisho, akaiandika upya, akaisoma tena. Hapo ndipo mzee alipochovya dole gumba.