Spreyi ya dubu ikikaa ndani ya begi, hesabu huna

Kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka huku magharibi mwa jimbo la Montana, Marekani, simu yangu huanza kuita kwa swali moja: "Kaka, nikikutana na dubu nifanyeje?" Mara nyingi anayeuliza ni Mkongo aliyehamishiwa Missoula kama mkimbizi, au Mkenya aliyekuja kusoma, anayetaka kwenda na wenzake milimani wikiendi. Swali lenyewe halina ubaya, ila limechelewa. Nami huwa namrudishia langu: chakula chenu mtakilaza wapi, na spreyi ya pilipili ya kumfukuzia dubu utaivaa wapi? Mtu akiyajibu hayo vizuri, sehemu kubwa ya kazi imekwisha kabla hajafunga kamba za viatu.

Kabla ya kuhamia huku nilikuwa muongoza wageni Tanzania, na naona kinachotuponza sisi tuliotoka Afrika Mashariki. Si woga, ni mazoea. Ukipanda Mlima Meru, askari mwenye bunduki anatembea nanyi kwa sababu ya nyati. Wewe kazi yako ni kufuata nyayo na kutunza pumzi. Kwenye hifadhi za taifa za huku, Glacier au Yellowstone, hakuna wa kukusindikiza. Unalipa kiingilio, unachukua kibali cha kulala porini, unaonyeshwa kavideo ka usalama, basi. Askari ni wewe.

Dubu wa huku ni wa aina mbili, grizi na dubu mweusi, na rangi isikudanganye. Dubu mweusi anaweza kuwa wa kahawia, hata wa rangi ya mdalasini. Mtazame begani: grizi ana nundu ya misuli juu ya mabega, kama ng'ombe wetu wa kienyeji, na dubu mweusi hana. Uso wa grizi umebonyea kati ya macho na pua, masikio yake ni mafupi, kucha zake za mbele ni ndefu. Kuwatofautisha si rahisi, ndiyo maana Montana mwindaji lazima afaulu mtihani wa kuwatambua kabla hajapewa leseni ya dubu mweusi. Grizi wa majimbo 48 ya Marekani bara, bila Alaska na Hawaii, waliwekwa chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1975, na tangu hapo wameongezeka na kurudi kwenye mabonde waliyokuwa wametoweka. Kwa hiyo yule jirani anayekuambia "mlima huu hauna grizi" msikilize kwa heshima, kisha ubebe spreyi.

Dubu wengi wakikusikia huondoka bila wewe kujua kwamba walikuwepo. Hatari kubwa ni kumshtukiza: kwenye kona ya njia, kando ya mto unaovuma, upepo ukikupiga usoni kiasi kwamba harufu yako haimfikii, au kwenye vichaka vya beri za mwituni mwezi wa nane, yeye kainamisha kichwa anakula. Kuanzia wakati huo hadi majira ya baridi dubu hula kwa pupa kujinenepesha, grizi mkubwa akifikia kama kalori 20,000 kwa siku. Akiwa katika hali hiyo hana habari na wewe hadi umkanyage.

Basi piga kelele. Wamarekani humwita kwa sauti kila baada ya hatua kadhaa. Mimi napaza "Hodi! Hodi hapa!" na kupiga makofi. Wageni wangu wazungu wameshaizoea, wengine wanaitikia karibu. Vile vikengele vya kufunga kwenye begi vinavyouzwa kwa watalii sivipendi hata kidogo. Sauti yao haifiki mbali, na mwenye kengele hujiona ameshamaliza kazi akanyamaza. Spika za masikioni ziache kwenye gari. Tembeeni watatu au zaidi, watoto wakae katikati, na mtu asikimbie njiani kwa mazoezi alfajiri au jioni. Mkiona kunguru wengi wamekusanyika mahali pamoja, au mkisikia harufu ya kitu kilichooza, geuzeni kwa njia ile ile mliyojia. Huenda kuna mzoga, na mzoga una mwenyewe.

Sasa chakula, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vitabu vya waongozaji wa huku vimeandikwa kwa ajili ya watu wanaobeba karanga na supu ya unga. Sisi tunabeba dagaa. Kuna familia niliyoisindikiza wakaja na mfuko wa dagaa wakavu, wameuchomeka vizuri kwenye kona ya hema, karibu na mto wa kulalia wa mtoto. Nikasema, "Mama, hawa dagaa leo hawalali na sisi." Akacheka, akidhani namtania. Nikamwomba anuse ile kona baada ya kuutoa mfuko. Harufu ilikuwa imebaki kwenye kitambaa, na pua ya binadamu ikilinganishwa na ya dubu si pua. Tukahamisha hema.

Utaratibu ni huu. Pa kulala pawe peke yake, na pa kupikia na pa kuhifadhia chakula pawe umbali wa mita 90 hivi kutoka hapo. Chakula kining'inizwe kwa kamba, angalau mita 3 kutoka chini na zaidi ya mita moja kutoka kwenye shina. Kambi nyingi rasmi za porini zina nguzo au mti wa mlalo uliowekwa kwa kazi hiyo. Au tumia kopo gumu la kuzuia dubu. Yale yaliyoidhinishwa yamejaribiwa na grizi wenyewe katika kituo cha dubu na mbwa mwitu kilichoko mji wa West Yellowstone: linajazwa chakula, dubu anaachiwa alipige, aling'ate na kulirukia, na likivumilia saa nzima ya kushughulikiwa bila kufunguka, limepita.

Na si chakula tu. Dawa ya meno, sabuni, bigijii, mafuta ya kujipaka, hasa haya yetu ya nazi, nepi za mtoto zilizotumika, vyote vinapanda juu ya kamba. Kama mmechoma nyama, ile fulana yenye moshi na mafuta usilale nayo. Mifupa msiifukie wala kuitupa mtoni. Mnarudi nayo mjini kwenye mfuko unaofungwa vizuri. Wengi hukereka hapa. Wananiambia porini ni porini, mfupa utaozea huko huko.

Ukali huu una historia. Glacier ilifunguliwa mwaka 1910, na kwa zaidi ya nusu karne hakuna mtu aliyeuawa na dubu ndani yake. Kisha usiku mmoja wa Agosti 1967 wasichana wawili waliuawa na grizi wawili tofauti, katika sehemu mbili zilizo mbali. Moja ilikuwa karibu na nyumba ya wageni ya Granite Park, ambako mabaki ya jikoni yalikuwa yakimwagwa nje na wageni wakikaa kutazama grizi wakija kula. Nyingine ilikuwa kambi ya Trout Lake, ambako dubu mmoja alikuwa amewasumbua watu majira yale yote akitafuta chakula chao. Baada ya hapo hifadhi ziliacha mchezo, na majalala ya wazi ya Yellowstone, ambako dubu walikuwa wamezoea kujilia, yalifungwa. Dubu aliyezoea chakula cha watu hatima yake huwa risasi ya wahifadhi, kwa hiyo ule mfupa uliouacha unaweza kumuua dubu mwaka kesho hata kama wewe umerudi salama.

Tuje kwenye spreyi. Ni pilipili iliyokolezwa kwenye kopo lenye mgandamizo, na sehemu ya majaribio yake ya mwanzo ilifanyika hapa hapa Missoula, Chuo Kikuu cha Montana, miaka ya 1980. Watafiti Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao walichambua matukio 83 ya Alaska kati ya 1985 na 2006 ambapo spreyi ilitumika; kati ya watu waliokuwa nayo wakamkabili dubu kwa karibu, asilimia 98 hawakuumizwa, na wale wachache walioumizwa hawakuhitaji kulazwa. Sijui kifaa kingine cha bei yake chenye rekodi kama hiyo.

Lakini lazima iwe mwilini. Grizi hufikia kilomita 56 kwa saa, yaani mita 30 anazimaliza kwa sekunde mbili. Ndani ya sekunde mbili huwezi hata kushusha begi. Ivae kiunoni au kifuani, upande wa mkono wako wenye nguvu. Kopo jipya mara nyingi huja na kamba ya plastiki iliyofunga kizuizi, kile kinacholizuia lisijifyatue. Ikate nyumbani, maana nimekutana na watu kilomita nyingi ndani ya pori bado wameivaa na kamba yake. Kidole cha shahada kipite kwenye tundu la mshikio, gumba likae juu ya ule mdomo uliopinda wa kizuizi, uuvute moja kwa moja kuja kwako mpaka kichomoke. Fanya hivyo sebuleni kwa kopo la mazoezi lisilo na pilipili hadi mkono ufanye bila kuulizwa. Dubu akikujia na yuko kama mita 10 hadi 15, fyatua sekunde mbili tatu, ukielekeza chini kidogo, ili akutane na wingu mbele yake. Hulengi macho, unajenga ukuta. Kopo zima hukwisha kwa sekunde chache, kwa hiyo bakisha ya kuondokea.

Jambo moja ambalo linaonekana la kuchekesha mpaka litokee: usijipulizie mwilini wala usipulizie hema. Hii si dawa ya mbu. Inamfukuza dubu ikimwingia puani na machoni. Ikishakauka kwenye kitambaa, harufu yake inaweza hata kumvuta aje kunusa.

Lile swali la mwanzo nalijibu kwa ufupi. Ukimwona kwa mbali, kaa mbali; sheria ya Yellowstone ni mita 91. Akisimama kwa miguu miwili anakutazama na kukunusa, hajakasirika. Ongea kwa sauti ya chini, rudi nyuma taratibu, usikimbie, na mtini usihangaike kupanda. Akija mbio huenda anakutisha tu na atakatisha njiani, ila usisubiri kuhakikisha; puliza. Grizi uliyemshtukiza, hasa mama mwenye watoto, akikufikia kabisa, lala kifudifudi na begi likiwa mgongoni, vidole umevifuma nyuma ya shingo, miguu umeipanua asikugeuze, na utulie mpaka awe ameondoka kweli. Asipoacha, pigana. Dubu mweusi akikushambulia, pigana tangu mwanzo, umpige usoni. Na dubu wa aina yoyote anayekunyemelea au kuingia hemani usiku, usijifanye maiti kwake.

Kwa wanaokuja kutembea kutoka majimbo mengine: spreyi haipandi ndege, iwe begi la mkononi au la kupakia. Nunua au kodi ukifika, na ukiondoka mwachie anayebaki. Usiiache juu ya dashibodi mwezi wa saba, kwani ikipita nyuzi 50 inaweza kupasuka, na gari lenye pilipili kwenye viti halikaliki. Tarehe ya mwisho imechapwa kwenye kopo, kwa kawaida miaka mitatu au minne tangu litengenezwe. Lililopitwa usilitupe hivi hivi. Nenda uwanja wa wazi mbali na watu, simama upepo ukiwa mgongoni kwako, watoto wakae nyuma kabisa, ulifyatue uone wingu linafika wapi.