Jua kali la "Mbwa Koko"

Nikiulizwa mtu aanze na ipi miongoni mwa filamu za uhalifu za Japani za baada ya vita, hutaja Nora inu, yaani Mbwa Koko, ambayo Akira Kurosawa aliiongoza mwaka 1949, nchi ingali imekaliwa na majeshi ya Marekani. Wahakiki wa Ufaransa walioanza kuzungumzia "filamu nyeusi" mwaka 1946 walikuwa na filamu za Marekani akilini, zile za usiku, mitaa iliyolowa na vivuli virefu. Kurosawa anatuletea weusi huohuo mchana kweupe, katika joto la Tokyo ambalo halimwachi mtu bila upepeo au kitambaa cha jasho mkononi.

Kisa chenyewe ni chepesi. Murakami, mpelelezi kijana anayeigizwa na Toshiro Mifune, anaibiwa bastola yenye risasi 7 ndani ya basi lililosongamana, naye anavaa nguo kuukuu za askari na kuzurura katika masoko ya magendo akiitafuta. Kwa dakika nyingi hakuna mazungumzo. Ni miguu, macho na nyuso tu. Picha nyingi za masoko hayo zilipigwa kwa kamera iliyofichwa chini ya usimamizi wa Ishiro Honda, ambaye mwaka 1954 aliongoza Godzilla. Wengi huiona sehemu hii ndefu mno, lakini nawasihi wasiiruke, kwa sababu humo ndimo tunamoona umaskini uliomzaa mwizi hata kabla hatujamjua.

Yusa, mnyang'anyi anayeitumia bastola hiyo, naye alikuwa mwanajeshi kama Murakami. Wote wawili waliibiwa shanta zao wakirudi nyumbani kutoka vitani. Mmoja akashika bastola ya wizi, mwingine akajiunga na polisi. Sato, mpelelezi mzee anayeigizwa kwa utulivu mkubwa na Takashi Shimura, anamwonya kijana asiwahurumie wahalifu, na Murakami anashindwa kutii, kwa kuwa anajua jinsi njia yake mwenyewe ilivyokuwa karibu na ile nyingine. Kwangu mimi, hapo ndipo ulipo uzito wa filamu hii.

Ndiyo maana onyesho la kituo cha treni linanigusa kila nilitazamapo. Murakami hajawahi kumwona Yusa. Ana dalili chache tu, kama suti nyeupe, viatu vyenye matope na kutumia mkono wa kushoto, naye anakagua abiria mmoja mmoja huku yeye mwenyewe akifanana na anayemsaka. Baada ya mbio na risasi za mwisho msituni, wanaanguka kando kwa kando kwenye maua, wamechafuka kwa matope kiasi cha kutotofautishika, wakihema kama yule mbwa anayeonekana mwanzoni kabisa mwa filamu. Watoto wanapita wakiimba, na Yusa, akiwa na pingu mkononi, anaangua kilio.